Pagale si Gofu

Ndugu msomaji, kabla sijakupeleka Kigamboni, naomba tuelewane juu ya neno moja. Gofu si pagale. Gofu ni nyumba iliyoishi ikafa. Kilwa Kisiwani kuna magofu, Kaole kule Bagamoyo kuna magofu, na wanafunzi hubebwa kwa mabasi kwenda kuyatazama wakiwa na madaftari mkononi. Pagale ni nyumba ambayo haijawahi kuishi. Hakuna mtu aliyepika ugali ndani yake, hakuna aliyezaa humo wala kumfukuza mume. Ndiyo maana wenye kuandika historia hulipita. Mimi naona wanakosea. Pagale nalo lina historia, ila si ya watu waliokaa humo. Ni ya fedha zilizoingia humo na za nani.

Sisi wa Singida mapagale tunayajua. Kazi za kuanza na kusimama hatukuzisoma shuleni tu. Mwingereza alitujengea reli kutoka Manyoni katika miaka ya 1930, na miaka ya 1940 akaing'oa mwenyewe, vyuma akaondoka navyo. Ikabidi ijengwe upya baada ya Uhuru. Babu zetu waliona treni, baba zetu wakaona tuta lisilo na reli.

Lakini pagale ninalolijua kuliko yote ni la mama mdogo, kule Mandewa. Mama mdogo anafanya kazi katika kiwanda cha kukamua alizeti. Alianza na msingi wa mawe (mawe kwetu si tatizo, yametapakaa kama mbuzi), akafuata matofali ya kuchoma, leo mia mbili, mwakani mia tano, mpaka ukuta ukafika usawa wa lenta. Hapo pakagoma. Nondo zina bei. Miaka inapita, mvua inanyesha ndani ya sebule, na kuku wa jirani wametaga chumbani. Ukimuuliza, atakwambia, "Mwanangu, nyumba haiozi."

Sasa huyu mama kila mwezi anakatwa mchango wa NSSF. Katika kila shilingi 100 za mshahara, 20 zinakwenda kwenye Mfuko. Kwa kawaida 10 zake, 10 za mwajiri. Mfuko wenyewe una umri. Ulianza mwaka 1964 kama Mfuko wa Akiba ya Wafanyakazi, watu wakauzoea kwa jina la NPF, kisha sheria ya mwaka 1997 ikaugeuza kuwa NSSF. Fedha za wanachama hazilazwi kabatini. Zinawekezwa ili zizae, mama mdogo akizeeka alipwe pensheni. Hapo hakuna ubaya. Nani anataka hela yake ilale?

Mwaka 2014, huko Kigamboni, ng'ambo ya bahari kutoka katikati ya Dar es Salaam, ukaanza ujenzi wa mradi ulioitwa Dege Eco Village. Haukuwa mradi wa nyumba mbili tatu. Ulikuwa mji kamili wa pembezoni: nyumba 7,460, pamoja na maduka, shule na huduma nyingine, ili mkazi asihitaji kuvuka maji kwenda kununua hata kiberiti. NSSF iliingia ubia na kampuni ya Azimio Housing Estate. Gharama iliyotajwa ilikuwa zaidi ya dola milioni 653 za Marekani. Chukua kalamu ugawe kwa idadi ya nyumba. Utapata zaidi ya dola 87,000 kila moja. Hata ukitoa barabara na maduka, si nyumba ya mkamua alizeti.

Kwanza ardhi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali iliyotoka mwaka 2016 ilieleza kwamba ekari 300 za mradi zilithaminiwa kwa shilingi milioni 800 kila ekari. Jamani! Hiyo ni shilingi bilioni 240 kabla fundi hajachanganya zege.

Na ardhi ya Kigamboni ilikuwa na kisa chake. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza kuwa pale patajengwa mji mpya wa kisasa, na wenyeji wakazuiwa kuendeleza maeneo yao wakisubiri mpango. Waliokuwa wamefika kwenye lenta wakabaki kwenye lenta. Mji mpya ule haukuja kama ulivyochorwa. Yaani watu walilazimishwa kuwa na mapagale kwa amri, na baadaye jirani yao likaota pagale kubwa kuliko yote.

Maana mwanzoni mwa mwaka 2016 kazi ya Dege ilisimama. Na tazama mambo ya dunia: Aprili 2016, Rais Magufuli akafungua Daraja la Kigamboni, lenye urefu wa mita 680, ambalo asilimia 60 ya gharama yake ilitoka NSSF na 40 Serikalini. Fedha ni za michango ileile. Upande mmoja zilizaa daraja ambalo watu wanapita mpaka leo, upande wa pili zikaishia hewani. Kwa hiyo anayesema Mfuko haujui kumaliza kazi, mwambie apande daladala aende Kigamboni. Na anayesema Mfuko haukosei, mwambie asishuke mapema, aendelee mbele.

Mimi niliendelea. Nilikuwa Dar kutafuta mtu wa kusoma mswada wangu (hilo tuliache), nikasema ngoja nikaone hela za mama mdogo. Unaanza kuyaona maghorofa kwa mbali, mistari kwa mistari, rangi ya saruji kavu, madirisha ni matundu tu. Nyasi zimepanda. Upepo wa bahari unaingia huku unatokea kule. Kinachotisha ni ukimya wa kitu kilichopangiwa kelele. Nilijaribu kukisia duka la mkate lingekuwa wapi, saluni wapi, vijana wangekaa kijiwe gani. Nimezoea kubuni wahusika, lakini pale walikataa kuja.

Si kila pagale hufa, lakini. Morocco Square ya Shirika la Nyumba la Taifa, pale Kinondoni, nayo ilikuwa na maduka makubwa, ofisi, hoteli na makazi, nayo ilisimama mwaka 2018. Mwaka 2021 Shirika likaruhusiwa kukopa shilingi bilioni 173.9 kumalizia miradi yake iliyokwama, na mafundi wakarudi. Sababu za kifedha wataalamu wanazijua. Mimi nadhani ipo na nyingine: Morocco ipo kando ya barabara ambayo wakubwa wanapita asubuhi na jioni, na jengo lisilo na vioo linawaaibisha. Dege lipo ng'ambo. Baadaye NSSF ikaanza kulitafutia mnunuzi.

Niliporudi Singida nilimsalimu mama mdogo, nikamweleza yote. Alikuwa anapepeta mtama, hakuacha. Nilimtajia bilioni, hakushtuka. Bilioni kwake ni neno la redioni. Nikamwambia ni maghorofa, mengi, yamesimama tu.

"Lenta wamefunga?"

"Wamefunga, mama. Zamani."

Akaweka ungo chini. "Na nondo walizipata wapi?"

Nikamwonyesha karatasi yake ya mshahara, pale palipoandikwa makato.