Matumbawe: namna gani yanavumilia maji ya moto ya bahari?

Kasongo na Kabambare ni mbali na bahari, na Ziwa Tanganyika, kule ndakala zinatoka, halina matumbawe juu maji yake hayana chumvi. Lakini jina la Zanzibar linajulikana hapa tangu misafara ya Tippu Tip, ile ya pembe na watumwa. Nyumba za zamani za kule Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe.

Wengi wanazani tumbawe ni jiwe tu. Hapana, ni wanyama wadogo sana wanaokaa pamoja kwa maelfu, na lile jiwe ni nyumba ya chokaa wanayoijenga wenyewe. Ndani ya miili yao munaishi mwani mdogo, hauonekani kwa macho. Mwani unatengeneza chakula kwa mwangaza wa jua na kumgawia mwenye nyumba sehemu kubwa. Rangi nzuri ya matumbawe, nyingi inatoka kwake.

Maji yakipita joto la kawaida kwa degre moja ao mbili, wiki kwa wiki, mwani unaanza kutoa sumu, na mnyama anaufukuza. Anabaki mweupe pe. Hajakufa bado, ila njaa imeanza. Joto likishuka mapema, mwani unarudia, likikawia, anakufa. Mwaka wa 1998 matumbawe mengi ya Kenya na Tanzania yalikufa hivyo.

Mbona mengine yanapona? Kwanza, mwani si wa aina moja. Katika Ghuba, upande wa Abu Dhabi, bahari inapita degre 34 wakati wa joto, na mwaka wa 2015 wataalamu walitangaza aina ya mwani inayovumilia moto huo. Hata hivyo, 2017 joto lilizidi, na matumbawe mengi ya huko yakafa. Uvumilivu nao una mwisho wake.

Pili ni mahali. Kati ya Shimoni, kusini mwa Kenya, na Tanga na Pemba, maji baridi yanapanda kutoka vilindini na kupoza matumbawe. Ndiyo maana kule yanasimama vizuri kuliko sehemu za jirani, na samaki wanapata pa kuzalia.

Lakini ni upande huohuo wa Tanga ambako, kwa miaka mingi, wavuvi wengine walivua kwa baruti. Mlipuko mmoja unavunja jiwe lililojengwa kwa makumi ya miaka.