Nani Aliyeichora Ngao? Kumbukumbu ya Somo la Kidato cha Tatu

Ndugu zangu tuliosoma pamoja,

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na hii ni yapata miaka ishirini sasa. Kila barua ninayoitia sahihi ina Ngao ya Taifa juu yake, ile ambayo wengi wetu tumezoea kuiita "Bibi na Bwana". Nakiri kwamba kwa muda mrefu nimeitia sahihi chini ya Ngao hiyo bila kuitazama, kama mtu anavyopita kila siku chini ya mwembe wa nyumbani kwao bila kuuliza uliopandwa na nani.

Hivi karibuni mpwa wangu, ambaye yuko Kidato cha Pili, alinionyesha daftari lake la Uraia. Alikuwa ameandika vizuri sana: kijani ni uoto wa nchi, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, buluu ni maji. Nikamwuliza, "Je, ni nani walioamua hivyo, na waliamua lini?" Akacheka, akanijibu, "Mjomba, hilo halitoki kwenye mtihani."

Jibu lake lilinirudisha mwaka 1997, darasani kwetu, kwa mwalimu wetu wa Historia. Wengi mtamkumbuka bila mimi kumtaja. Alikuwa hapendi kabisa majibu ya kukariri. Siku moja aliligawa darasa katika makundi manne akatupa kazi ya majuma sita. Nusu ya kwanza ilikuwa ya utafiti: tutafute asili ya Bendera, Ngao, Mwenge na Wimbo wa Taifa. Nusu ya pili ilikuwa ya kubuni: tuchore bendera na ngao ya nchi ambayo haipo duniani. Alitupa sharti moja tu. Kila jambo tutakaloliandika, tuandike pia nani katuambia, na yeye alijuaje.

Hapana shaka tuliona ni mchezo. Lakini baada ya juma la kwanza tulianza kushangaa. Tuligundua kwamba bendera ya Tanganyika iliyopandishwa tarehe 9 Desemba 1961 haikutoka hewani. Rangi zake za kijani na nyeusi zilitoka katika bendera ya TANU, ambayo wazee wetu waliipeperusha tangu enzi za kudai uhuru, na mistari ya dhahabu ikaongezwa. Ng'ambo ya bahari, Zanzibar ilikuwa na bendera nyekundu ya Sultani. Ilipopata uhuru Desemba 1963, bendera hiyo ikawekewa duara la kijani lenye karafuu mbili. Mwezi mmoja tu baadaye, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yaliiondoa, na kabla mwezi huo haujaisha Zanzibar ikawa na bendera ya buluu, nyeusi na kijani, rangi za Afro-Shirazi.

Kisha ukaja Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964. Nchi mbili, bendera mbili, na kila moja imegharimu jasho la watu. Ifanyweje? Bendera ya Muungano tunayoijua ilianza kutumika tarehe 30 Juni 1964. Ilichukua kijani, nyeusi na dhahabu ya Tanganyika, ikachukua na buluu ya Zanzibar, lakini mistari haikulazwa tena. Ilipitishwa mshazari, kutoka pembe ya chini upande wa mlingoti kwenda pembe ya juu upande wa pili.

Kundi la pili lilileta habari ya twiga. Sote tulidhani kwamba twiga alichaguliwa na Taifa huru. Kumbe kichwa cha twiga kilikuwa tayari katika alama ya Tanganyika wakati wa Waingereza, katika bendera yao nyekundu. Wakoloni waliondoka, twiga akabaki. Mwenzetu mmoja alikasirika, akasema basi twiga ni kibaraka! Mwalimu alimjibu kwamba twiga alikuwapo Tanganyika kabla ya Mwingereza, na kwamba alama inaweza kubadilishwa mwenyewe bila kubadilishwa sura.

Mfano wa pili wa jambo hilo ulikuwa ni Kilimanjaro. Mjerumani Hans Meyer alipofika kileleni mwaka 1889 alikipa kilele hicho jina la Mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Mwaka 1959 Mwalimu Nyerere alilieleza Baraza la Kutunga Sheria nia ya kuuwasha mwenge na kuuweka juu ya mlima huo, ili umulike hata nje ya mipaka yetu. Usiku wa kuamkia Uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge huo pamoja na bendera mpya, na kilele kikaitwa Uhuru. Mlima ni ule ule na theluji ni ile ile, ila jina na mwenyewe vimebadilika.

Kundi la wimbo nalo lilitufundisha unyenyekevu. Tune ya "Mungu Ibariki Afrika" ilitungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule huko Johannesburg. Zambia nao wanaitumia kwa maneno yao, na Afrika ya Kusini wameifanya kuwa sehemu ya wimbo wao. Kwa hiyo tulichodhani ni chetu peke yetu ni mali ya ndugu wengi, na mwalimu wa shule ndiye aliyeianzisha.

Ilipofika nusu ya pili ya kazi, tulipewa nchi ya kubuni yenye watu wa aina tatu: wakulima, wavuvi na wafugaji. Kundi letu lilikuwa na vijana wengi kutoka sehemu za ng'ombe, nami nikiwemo. Tulichora fahali mkubwa katikati, jembe pembeni, na samaki mdogo chini karibu na pindo. Tulijiona mafundi. Mwalimu aliitazama kazi yetu kimya, kisha akauliza, "Mvuvi akiiona bendera hii, atasema ni ya nani?" Hatukuwa na jibu. Tulirudi kuchora upya, tukagombana jioni tatu mfululizo, na mwenzetu mmoja alikataa kusema nasi siku nzima kwa sababu tulitaka kupunguza pembe za fahali.

Katika ugomvi ule ndipo nilipoielewa bendera yangu. Rangi zikilazwa, lazima mmoja awe juu na mwingine awe chini. Zikipitishwa mshazari, hakuna anayemkalia mwenziwe. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu iliyowafanya wakubwa wetu waamue hivyo mwaka 1964. Nasema hilo ndilo tuliloliona sisi wenyewe baada ya kushika penseli. Na suala lenyewe halikwisha mwaka ule. Januari 2005 Zanzibar ilipata tena bendera yake, ya buluu, nyeusi na kijani, na kwenye pembe yake imewekwa bendera ya Muungano.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwisho wa kazi ile Mwalimu alitupa swali la nyongeza: "Na nembo ya shule yenu, aliichora nani?" Ofisini hakukuwa na faili. Walimu hawakujua. Tukamwendea mzee fundi seremala wa shule, aliyekuwa akitengeneza madawati yetu. Alituketisha juu ya magogo akatusimulia kwa saa nzima: nani aliichora nembo, kwa nini ikawekwa taa, na jinsi alivyoichonga yeye mwenyewe kwenye ubao ule wa bwaloni. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kundi. Niliandika yote katika daftari lenye jalada la buluu.

Ndugu zangu, daftari lile nililipoteza. Nilipohama kwenda Kidato cha Tano nililiacha katika sanduku kwa jamaa, na niliporudi sanduku lilikuwa limetolewa vitu vyote. Nilijiambia, si neno, nitamwuliza mzee tena. Nilikaa miaka tisa kabla ya kupita shuleni, nikaambiwa alikwisha kufariki. Jina la mchoraji alilotutajia silikumbuki. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Kumbe hata habari yenyewe ni mali.

Mwaka 2017 yalitokea mambo yaliyonichoma tena. Magazeti yaliandika habari za mzee mmoja wa Dar es Salaam, Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, aliyekuwa mgonjwa na katika hali ya dhiki. Alisema yeye ndiye aliyeichora Ngao ya Taifa. Alifariki Mei mwaka huo huo. Palitokea na madai mengine kwamba mchoraji ni mtu mwingine, na watu wakabishana. Mimi si hakimu wa jambo hilo. Nililofikiri ni hili: tulipokuwa tukifanya utafiti wetu mwaka 1997, mzee yule alikuwa hai. Angeweza kuulizwa, na hao wengine waliojua wangeweza kuulizwa, wakati kumbukumbu bado hazijachakaa. Ngao ina mwenge, bendera, shoka na jembe, mkuki, mawimbi, pembe za ndovu, bibi na bwana. Kila kijana anaweza kuvitaja hivyo vyote, lakini mkono uliovichora tumebaki kuubishania.

Kwa sababu hiyo nina maombi mawili. La kwanza, chama chetu kiisaidie shule kuirudisha kazi ile ya majuma sita. Haihitaji fedha nyingi: karatasi, rangi, madaftari, na nauli ya vijana kwenda kuwaona wazee. Watafute kwanza, wabuni baadaye, maana anayebuni bila kutafuta huchora fahali wake mwenyewe. Na madaftari hayo yasikabidhiwe kwa katibu wa kundi, yawekwe maktaba.

La pili ni kwa wenzangu watano tulioketi juu ya magogo yale. Mnajijua. Huenda mmoja wenu alinakili maneno ya mzee, au bado analikumbuka jina alilotutajia. Tafadhali tazameni masandukuni, ulizeni nyumbani, kisha mwandikieni Mhariri. Siku ya mkutano wetu nitakuja na daftari jipya, nami nitaandika.