Habari za Vijana wa Magomero, na Neno Juu ya Wageni wa Siku Chache

Wazee husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Maana yake yajulikana: mgeni hupewa heshima yake, hulishwa na kunyweshwa, lakini akiendelea kukaa yampasa kushika kazi pamoja na wenyeji. Methali hii yatufaa leo, kwa kuwa parokia nyingi hupokea vijana Wakristo watokao ng'ambo, ambao hujitolea kwa majuma mawili matatu au kwa mwezi mmoja, kusaidia kujenga madarasa, kufundisha watoto na kushuhudia Injili. Mwalimu anayewapokea hujiuliza: wageni hawa niwape jembe gani? Si swali jipya. Tuangalie habari za vijana waliotutangulia.

Tarehe 4 Desemba 1857 David Livingstone alisimama mbele ya watu wa chuo kikuu cha Cambridge, akawasihi waifikirie Afrika. Kutokana na maneno yake ilianzishwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambayo baadaye ilijulikana sana kwa herufi zake, UMCA. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, aliwekwa wakfu huko Cape Town tarehe 1 Januari 1861, akiwa na miaka 35. Mwaka huo huo alipanda mto Zambezi na mto Shire pamoja na wenzake, mapadre na walei, ambao wengi wao walikuwa vijana.

Mwezi wa Julai, wakiwa pamoja na Livingstone, walikutana na msafara wa watumwa. Wenye msafara wakakimbia, na watu 84, wengi wao wanawake na watoto, wakafunguliwa. Watu hao wakakabidhiwa Askofu, naye akakaa nao Magomero, katika nchi ya Wamang'anja, ambayo leo ni sehemu ya Malawi.

Hapo ndipo jaribu lilipoanza. Wageni hawa walikuwa na majuma machache tu katika nchi. Lugha ya wenyeji hawakuijua, wakasema kwa kinywa cha mkalimani. Wakuu wa Wamang'anja wakawajia wakiomba msaada juu ya Wayao, wakisema kwamba hao ndio wanaowakamata watu na kuwauza. Vijana wakaona huruma, na huruma yao ilikuwa ya kweli. Mwezi wa Agosti, na tena mwezi wa Oktoba, walitoka na bunduki pamoja na Wamang'anja, wakawafukuza Wayao, na vijiji vikachomwa moto.

Baadaye walifahamu mambo ambayo mwanzoni hawakuweza kuyasikia. Wayao wale nao walikuwa wamesukumwa kutoka kwao na vita na njaa. Tena, miongoni mwa wakuu wa Wamang'anja walikuwamo waliouza watu. Mkalimani aliwaeleza maneno yaliyosemwa; yale ambayo msemaji aliyaacha makusudi, mkalimani hakuyaeleza. Huko Uingereza wengi walishtuka kusikia kwamba Askofu amekwenda vitani.

Kisha yakaja maradhi na njaa. Mackenzie alikufa kwa homa tarehe 31 Januari 1862, mahali mto Ruo unapoingia mto Shire, baada ya mtumbwi wake kupinduka na dawa zake kupotea majini. Burrup, kijana aliyekuwa naye, alimfuata mwezi uliofuata. Mwanzo wa mwaka 1863 walikufa Scudamore na Dickinson. Askofu wa pili, William Tozer, aliiondoa misheni katika nchi ile, akaihamishia Unguja mwaka 1864.

Pamoja na Tozer alikuja rafiki yake, Edward Steere, padre wa kijiji kimoja cha Lincolnshire. Yeye naye alikuwa mgeni wa muda: alikusudia kumsaidia rafiki yake mwanzo wa kazi, kisha arudi parokiani kwake. Lakini alipofika Unguja alishika jembe lake upesi. Alikaa na wenyeji, akawasikiliza wasimulizi wa hadithi, akayaandika maneno kama alivyoyasikia, akayapiga chapa pamoja na wavulana wa misheni. Mwaka 1870 vilitoka London kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha hadithi za Waswahili, ambavyo wanafunzi wa lugha yetu wamevitumia muda mrefu. Aliyekuja kwa muda aliwekwa kuwa askofu mwaka 1874, akafa Unguja mwaka 1882.

Lakini tusiseme kwamba kazi ya Magomero ilikuwa bure. Chuma, mmojawapo wa wale waliofunguliwa Julai 1861, ndiye aliyekuwa miongoni mwa watu walioubeba mwili wa Livingstone toka bara mpaka pwani, katika miaka ya 1873 na 1874. Wema haukupotea. Kilichopungua ni masikio.

Neno "kujitolea" lenyewe latufundisha. Ni kitenzi cha kutendea: mtu hutoa nafsi yake kwa ajili ya mwingine. Basi mwingine huyo asipojulikana, kitenzi kimekosa mtendewa wake, na sadaka haijui iendako.

Kwa hiyo mashauri yangu kwa walimu ni haya. Kijana mgeni afundishwe maamkio kabla hajapewa mwiko wa mwashi. Kila asubuhi akae saa moja na mwalimu wa lugha, hata kama atakaa majuma mawili tu. Darasani awe chini ya mwalimu mwenyeji, wala asiwekwe juu yake. Tena asiulizwe kamwe kuamua ugomvi wa wenyeji.

Na lipo neno linalotuhusu sisi wapokeaji. Wakuu wa Wamang'anja walizitumia bunduki za wageni kwa haja zao wenyewe, wala hawakuwaambia yote. Nasi je? Je, hatujamwonyesha mgeni paa bovu, tukamficha ugomvi wa halmashauri uliolifanya paa lile libovuke? Je, hatujamtumia kijana asiyejua lugha awe shahidi wetu juu ya ndugu zetu? Mgeni akikosa kwa kutojua, sehemu ya kosa ni ya mwenyeji aliyejua akanyamaza.

Jembe la mgeni wa Injili ni lugha ya watu aliowajia. Mpini wake u mikononi mwetu, nasi tumpe siku ile ile anayofika, kwa sababu yeye hana siku nyingi za kungoja.