Michezo ya Kompyuta Inayoongozwa na Ubongo: Njia ya Kupima Uelewa wa Watoto Wenye Ulemavu wa Viungo

Na Mwandishi Wetu, Manyara

Mtoto anapopimwa uelewa, kwa kawaida hutakiwa kutamka maneno, kupanga vibao, kuchora mstari au kuonesha picha kwa kidole. Kwa mtoto ambaye mikono na ulimi wake havimtii, kipimo cha namna hiyo hukwama kwenye viungo kabla ya kuifikia akili. Hivyo, mtoto anayeelewa anaweza kuandikwa kuwa haelewi, na uamuzi huo ukamzuia kuandikishwa shule.

Katika wilaya za Mbulu na Hanang suala hili lina uzito wa pekee. Mtoto wa eneo hili anaweza kukua akisikia Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, au Kihadza katika bonde la Yaeda Chini, kabla ya kukutana na Kiswahili darasani. Mwenye ulemavu wa viungo hukabiliwa na vikwazo viwili kwa pamoja: lugha ya kipimo na mwendo wa mkono.

Mtindio wa ubongo ni nini?

Mtindio wa ubongo ni miongoni mwa sababu kuu za ulemavu wa viungo utotoni. Hutokana na ubongo unaokua kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Miongoni mwa visababishi ni mtoto kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya wakati, manjano kali na homa ya uti wa mgongo.

Jina hilo huwafanya watu wengi kudhani kwamba akili ndiyo iliyoathirika, ilhali athari ya msingi ni katika kuongoza misuli na mkao wa mwili. Tafiti za kimataifa zinaonesha kuwa takriban nusu ya watoto wenye hali hii wana ulemavu wa akili, na nusu nyingine hawana. Takriban mmoja kati ya wanne hawezi kuzungumza. Kwa kumtazama tu, hakuna awezaye kujua mtoto yupo katika kundi lipi.

Teknolojia inavyofanya kazi

Mjerumani Hans Berger alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Mwaka 1988, watafiti Farwell na Donchin wa Marekani walionesha kuwa mtu anaweza kuchagua herufi kwenye kompyuta bila kugusa chochote.

Mtoto huvalishwa kofia yenye vihisio vinavyopokea umeme hafifu wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa. Kofia haipeleki umeme wowote kichwani na haisababishi maumivu. Picha kadhaa huwaka kwa zamu kwenye skrini. Ile anayoisubiri inapowaka, ubongo hutoa ishara takriban sekunde 0.3 baadaye. Kompyuta hurudia zoezi mara nyingi, hulinganisha ishara hizo, kisha hutambua chaguo la mtoto.

Kwa njia hiyo, mtoto anaweza kusikia neno "ng'ombe" na kuchagua picha yake kati ya nne. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, wamebadili kipimo cha msamiati wa picha ili kijibiwe kwa njia hii. Katika Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, watoto wenye ulemavu mkubwa hucheza michezo ya kompyuta na kuchora kwa kutumia ubongo. Mchezo una faida ya ziada, kwa kuwa mtoto anayefurahia zoezi huweza kutulia na kuzingatia kwa muda mrefu zaidi.

Hata hivyo, kifaa hiki kina mipaka. Misuli inayokakamaa na kichwa kisichotulia huvuruga ishara, na nywele nene au zilizosukwa huzuia vihisio kugusa ngozi. Mwanga unaowakawaka unahitaji tahadhari, kwa sababu takriban robo ya watoto wenye mtindio wa ubongo wana kifafa. Aidha, mtoto kushindwa kuongoza mchezo si ushahidi kwamba hafikiri; huenda amechoka, haoni vizuri au hakuelewa maelekezo.

Uzoefu wa Haydom

Upimaji wa ukuaji wa watoto si jambo geni Mbulu. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa mwaka 1955, ilikuwa kituo cha Tanzania katika utafiti wa MAL-ED uliofanyika katika nchi nane kuanzia mwaka 2009, ukifuatilia lishe, maradhi na ukuaji wa watoto tangu kuzaliwa. Baadaye utafiti wa ELICIT ulihusisha watoto 1,188 wa eneo hilo na kutumia kipimo cha maendeleo ya mtoto kilichobuniwa Malawi, chenye picha na vitu vinavyofahamika katika mazingira ya Kiafrika.

Vipimo hivyo viliandaliwa kwa ajili ya watoto kwa ujumla, na baadhi ya maswali yake yanahitaji mkono kushika au mguu kutembea. Pengo hilo ndilo ambalo michezo inayoongozwa na ubongo inalenga kuliziba, ingawa kwa sasa teknolojia hiyo ipo zaidi katika vituo vya utafiti.

Yanayowezekana sasa

Kanuni yake, yaani kumpa mtoto njia ya kujibu bila mkono wala sauti, haihitaji kompyuta. Mwalimu au mtaalamu wa afya anaweza:

1. Kuweka picha mbili au nne mbali mbali na kumwomba mtoto atazame iliyo sahihi.
2. Kukubaliana naye ishara ya "ndiyo" na "hapana", kama vile kuinua macho au kufumba.
3. Kuuliza kwa lugha ya nyumbani, kwa msaada wa mzazi au mlezi.
4. Kumpa muda wa kutosha, kurudia swali siku nyingine, na kuhakikisha kwanza kuwa anaona na kusikia.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kupata elimu, na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26 umeweka mwelekeo wa utekelezaji.

Mzazi mwenye mtoto anayechelewa kukaa, kushika vitu au kuzungumza anashauriwa kumfikisha mapema katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, na kuwasiliana na Afisa Ustawi wa Jamii au Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri yake. Mzazi ana haki ya kuuliza mtoto alipimwa kwa njia gani, na kuomba apimwe tena pale ambapo kipimo kilitegemea mikono au sauti asiyoweza kuitumia.