Makindu: Mji Uliolelewa na Reli

Makindu, Makueni, ni mji uliokuzwa na reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Masingasinga walioajiriwa relini walijenga hekalu hapo mwaka 1926. Hadi leo msafiri hulishwa na kulazwa bila malipo, awe wa dini yoyote.

Mkazi wa kabla ya 1980 hatasahau injini za Garratt za daraja la 59. Zilikuwa 34, zilizoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima. Mojawapo, Mount Gelai, imehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi. Masimulizi ya waliozihudumia, kwa bahati mbaya, hayahifadhiki gereji.

Reli mpya ya 2017 ilijengewa stesheni za abiria Kibwezi na Emali, si Makindu.