Baiskeli na Kamera Kandokando ya Ziwa

Mtu akitajiwa neno historia, mara moja hufikiri juu ya wafalme, vita na mikataba. Ni kweli kwamba mambo hayo ni historia, walakini si hayo peke yake. Vyombo vidogo ambavyo watu huvitumia kazini na kujifurahisha navyo vina habari zake pia, na mara nyingine habari hizo hutufundisha mengi kuliko majina ya watawala. Katika insha hii tutavitazama vyombo viwili: baiskeli na kamera.

Ukitoka mjini Kisumu kwa barabara iendayo Maseno na Busia, utafika Otonglo. Upande mmoja ni Ziwa Victoria, ambalo uso wake uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Upande wa pili vimesimama vilima vya Riat. Si ajabu siku ya mapumziko kumwona huko kijana akipanda njia za mawe kwa baiskeli yenye matairi manene, kamera ndogo ikining'inia shingoni. Hana mzigo, wala haendi kwa mtu. Apanda kilima kwa ajili ya kupanda, na akifika juu hupiga picha ya ziwa, kisha hushuka. Wazee wamwonao huulizana: "Baiskeli isiyobeba kitu ni baiskeli gani? Na picha isiyo na mtu ni ya nini?" Maswali hayo si ya mzaha. Tukitaka kuyajibu, hatuna budi kurudi nyuma.

Vyombo hivi viwili vilizaliwa mbali na kwetu. Mfaransa Niépce alipata picha ya kudumu katika miaka ya 1820, na mwaka 1839 njia ya mwenzake, Daguerre, ikatangazwa mjini Paris. Baiskeli ya namna tuijuayo, yenye magurudumu mawili yaliyo sawa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilitengenezwa Uingereza na John Kemp Starley mwaka 1885. Lakini mwaka wa kukumbukwa ni 1888. Mwaka huo John Boyd Dunlop, tabibu wa mifugo aliyekaa Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo, alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka huohuo Mmarekani George Eastman aliuza kamera yake ya Kodak, yenye filamu ya picha 100 ndani yake. Baiskeli ikawa nyepesi kuendesha, na kamera ikawa nyepesi kubeba. Mwaka 1900 Eastman akatoa kamera ya sanduku iliyouzwa kwa dola moja tu. Hapo mambo yaliyokuwa ya mafundi na matajiri yakaanza kuwa ya watu wote.

Mwaka uliofuata, tarehe 20 Desemba 1901, reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ziwani, mahali palipoitwa Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Tangu hapo mzigo wa kutoka Ulaya uliweza kushushwa melini Mombasa na kupakuliwa katika ufuo wa ziwa, wala haukuhitaji tena vichwa vya wapagazi. Kwa njia hiyo ya chuma vyombo vyetu viwili vilipata mlango mpana. Lakini havikupokewa kwa namna moja, na hapa ndipo penye kiini cha habari yetu.

Baiskeli ilipata wenyeji upesi. Mwanzo ilikuwa chombo cha wazungu, kisha ya makarani, machifu, walimu na wahubiri waliotembelea vijiji. Shule ya Maseno ilifunguliwa mwaka 1906, nayo iko kiasi cha kilomita 25 kutoka Kisumu. Mwalimu mwenye baiskeli aliweza kwenda mjini na kurudi siku ile ile. Wajaluo wakaipa jina katika lugha yao, wakaiita ndiga. Kitu kikipewa jina la nyumbani, kimekwisha kuwa cha nyumbani. Muda si muda baiskeli ile nzito nyeusi, ambayo Wakenya waliipachika jina la black mamba, ikawa punda wa kila kazi: ilichukua samaki kutoka ufuoni, maji kutoka mtoni, gunia la mahindi kutoka kwenye kinu, na mgonjwa kwenda hospitali. Mwenye baiskeli alijua kuziba pancha, kukaza spoku na kuunga mnyororo. Chombo kilikuwa mkononi mwake, na alikitawala.

Kamera haikuwa hivyo. Kwa miaka mingi ilikuwa upande mmoja, na wenyeji walikuwa upande wa pili. Mwanzoni mwa karne ya 20 mtawala Mwingereza Charles William Hobley alipiga picha za watu wa nchi hii. Mwaka 1936 mtaalamu E. E. Evans-Pritchard alikaa kwa Wajaluo kwa muda wa majuma machache, naye akapiga picha nyingi za watu, nyumba na sherehe. Mgala muue na haki umpe: bila ya mabwana hao tusingaliweza leo kuona sura za watu wa zama zile. Lakini picha zao zilikwenda kuhifadhiwa Oxford, katika Jumba la Makumbusho la Pitt Rivers, na wengi waliopigwa picha hawakuona kilichotokea. Wengine wamebaki ni nyuso tu. Tunajua jina la mpiga picha, hatujui jina la mwenye uso. Si jambo dogo hilo. Mtu huyo alikuwa baba au nyanya wa mtu, alilima, aliimba, alicheka. Sasa amekuwa mfano wa kabila lake, basi.

Mwaka 2007 picha hizo zilirudi nyumbani. Nakala zake zilionyeshwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya kale. Hebu fikiri, msomaji, wajukuu wakisimama mbele ya picha zilizopigwa zaidi ya miaka 70 kabla, wakitafuta katika nyuso zile pua ya mjomba au jicho la shangazi. Safari ya kamera hadi mikononi mwa wenyewe imekuwa ndefu kuliko ya baiskeli.

Hata hivyo haikungoja mwaka huo. Kabla na baada ya uhuru wa mwaka 1963, studio za picha zilienea katika miji ya Afrika ya Mashariki. Mtu alivaa nguo zake nzuri, akasimama mbele ya pazia lililochorwa mlima au ndege, akapigwa picha apendavyo yeye mwenyewe. Wako waliosimama na redio, na wako waliosimama na baiskeli. Yatazame mabadiliko hayo: yule aliyekuwa akitazamwa sasa alichagua aonekane vipi, na chombo alichokitawala alikileta mbele ya chombo alichokuwa akijifunza kukitawala.

Baiskeli nayo iliendelea kubadilika. Katika miaka ya 1960, mpakani mwa Kenya na Uganda, vijana walianza kuvusha abiria kwa baiskeli, wakiita "boda, boda!" kwa kulitamka kienyeji neno la Kiingereza la mpaka. Kazi hiyo ikaenea hata Kisumu, ikalisha jamaa nyingi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya pikipiki ndogo, na pikipiki zikachukua abiria hao. Baiskeli ikapunguziwa mzigo, na chombo kikipunguziwa mzigo huweza kuwa mchezo.

Mchezo wenyewe wa kuendesha baiskeli milimani husemwa kuwa ulianza California, Marekani, katika miaka ya 1970, vijana waliposhindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu nzito. Breki zilipata moto hata grisi ikateketea, ikawa lazima kutia nyingine kila baada ya kushuka. Mwaka 1996 mchezo huo uliingizwa katika Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta. Sina nia ya kuwanyang'anya Wamarekani sifa yao. Lakini wao walishuka mlima bila ya mzigo, na mchuuzi wetu wa samaki alikwisha kuupanda akiwa na kapu zima nyuma yake. Hakupewa kikombe, wala hakuna aliyempiga picha.

Sasa twaweza kuwajibu wazee. Baiskeli isiyobeba kitu humbeba mwenyewe, ikampa mapafu yenye nguvu na kumfikisha mahali ambapo gari halifiki. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, alifundishwa kuendesha baiskeli na Mkenya David Kinjah. Kisha akashinda mbio kuu za Ufaransa mara 4. Mchezo si lazima uwe uvivu.

Na picha isiyo na mtu? Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda mno, yakafunika fuo na kuwahamisha watu makwao. Aliyekuwa na picha ya ufuo iliyopigwa kabla ya hapo, yenye tarehe yake, aliweza kusema: hapa palikuwa na mti, pale palikuwa na nyumba. Picha hiyo, aliyoipiga kijana kwa kujifurahisha tu, ikageuka kuwa shahidi.

Lakini shahidi asiyetaja jina lake hasikilizwi. Leo wengi wana kamera ndani ya simu, na picha tunazopiga kwa siku moja ni nyingi kuliko alizopiga babu zetu maishani mwao. Je, tukizifungua baada ya miaka 70, tutajua ni nani na ni wapi? Wahenga walisema, mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Basi wewe kijana, kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe ruhusa. Ukisha kumpiga, andika jina lake, mahali na siku, na umpe nakala yake. Kufanya hivyo hakuhitaji fedha wala elimu kubwa. Ni kumpa mwenzako haki ambayo wengi wa wazee wetu waliikosa, wakabaki nyuso bila ya majina.