Kodiani ya vitufe
Kodiani ya vitufe ni ala ya upepo yenye mivukuto, yaani mfuko wa mikunjo unaovutwa na kusukumwa, ambayo asili yake ni chombo alichosajili Cyrill Demian mjini Vienna mwaka 1829. Katika aina ya kidiatoniki kitufe kimoja hutoa sauti moja mivukuto ikifunguka na nyingine ikifunga, kwa hiyo mwanafunzi hulazimika kuzoeza vidole na mivukuto kwa pamoja, na hapo ndipo wengi hukwama. Waayalandi hupendelea yenye safu mbili zinazopishana kwa nusutoni, ambazo kwa pamoja hukamilisha sauti zote. Miongoni mwa Wakikuyu wa Kenya ala hii ndiyo nguzo ya mwomboko, dansi ya wawili wawili iliyovuma miaka ya 1940, ambamo karing'aring'a, pete ya chuma inayogongwa kwa ufito, hushika mapigo huku wachezaji wakipiga hatua mbili na kuinama. Kwa msomaji wa Kasongo au Kabambare, mashariki mwa Kongo, mfano wa karibu zaidi ni Camille Feruzi, mpiga kodiani maarufu wa Kongo, aliyerekodi chini ya lebo ya Ngoma, iliyoanzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1948.